Podikasti kwa simu na bando: mwongozo kamili wa kusikiliza na kutengeneza ukiwa Uganda

Redio ina saa yake. Ukikwama kwenye jamu ya Jinja Road, kipindi ulichokitaka kinapita na hukipati tena. Podikasti hukaa kwenye intaneti mpaka utakapoihitaji, na ukishaipakua hukaa kwenye simu yako bila kula data zaidi. Kinachoifanya iwe podikasti si maiki wala studio, ni mlisho wa RSS: anwani moja ya intaneti yenye orodha ya vipindi vyako, kila kimoja na jina, maelezo, tarehe na mahali faili lake la sauti lilipo. Programu ya msikilizaji huipitia anwani hiyo mara kwa mara, na ikikuta kipindi kipya humjulisha. Ndiyo maana podikasti moja huonekana Apple, Spotify na kwingineko bila mtengenezaji kupandisha faili mara tatu.

Mambo mawili yanaongoza ushauri wote ulio hapa chini. Msikilizaji wa Uganda hununua data kwa bando, na husikiliza penye kelele: ndani ya teksi, dukani, jikoni. Kipindi kinachomfaa ni chepesi kwa MB na kinasikika wazi hata kwa spika ya simu ya bei ndogo. Mengine yote yanaweza kungoja.

Kuanza kusikiliza

Kwenye Android, weka AntennaPod. Ni ya bure, haina matangazo, haidai akaunti, na inapatikana Play Store na F-Droid, duka jingine la programu za Android. Mwenye iPhone ana Apple Podcasts tayari. Spotify ilifika Uganda Februari 2021 na inatosha kwa wengi, ila ni nzito kwenye simu yenye nafasi ndogo, na podikasti ambayo mwenyewe hakuipeleka huko hutaikuta. Google Podcasts ilifungwa mwaka 2024, kwa hiyo maelezo yoyote yanayokuelekeza huko yamepitwa na wakati.

Kabla hujajiunga na podikasti hata moja, ingia kwenye mipangilio ya programu. Zima upakuaji wa kiotomatiki, au uruhusu kwenye Wi-Fi peke yake. Usipofanya hivyo, siku utakayojiunga na podikasti tano za habari utaamka asubuhi bando imekwisha na vipindi ishirini usivyovitaka vimejaa kwenye simu. Kisha washa kufutwa kwa vipindi ulivyomaliza kusikiliza, na kama simu ina kadi ya memori, elekeza mafaili huko.

Kwenye kutafuta, andika "Kiswahili", kisha rudia kwa "Swahili", kwa sababu watengenezaji wengi huandika jina la lugha kwa Kiingereza. DW Kiswahili, RFI Kiswahili na idhaa ya Kiswahili ya Umoja wa Mataifa zina vipindi vinavyopatikana bure na kwa mpangilio. Ukipewa anwani ya RSS moja kwa moja, AntennaPod inaipokea: bonyeza kuongeza podikasti, chagua kuongeza kwa anwani, bandika.

Sasa hesabu ya data. Chukua kiwango cha faili kwa kbps (kilobiti za sauti kwa kila sekunde), zidisha kwa 0.45, unapata MB kwa saa. Faili la 64 kbps hula takriban MB 29 kwa saa. La 128 kbps hula takriban MB 58. Video ya mazungumzo hayo hayo YouTube hula data zaidi, hata ukiitazama kwa ubora wa chini. Na usisikilize moja kwa moja mtandaoni ikiwa unaweza kupakua. Ukirudi nyuma, au mtandao ukikatika ukaanza upya, unaweza kulipia dakika zile zile mara mbili. Pakua usiku kwa bando ya usiku au penye Wi-Fi, sikiliza mchana. Data ya Uganda inatozwa kodi ya asilimia 12 tangu Julai 2021, hivyo kila MB inayopotea inauma kidogo zaidi. Sababu nyingine ya kuwa na akiba ya vipindi kwenye simu: wakati wa uchaguzi wa Januari 2021 intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa, na waliokuwa wamepakua waliendelea kusikiliza.

Ukikusudia kutengeneza yako, sikiliza vipindi vitatu vya watu tofauti ukiwa na kalamu. Andika: mada ilitajwa sekunde ya ngapi? Mgeni aliruhusiwa kuzungumza kwa muda gani bila kukatizwa? Wapi ulitaka kuruka mbele? Majibu ya swali la tatu ndiyo yatakayokufaa zaidi.

Mada, urefu na Kiswahili cha nani

Mada nyembamba hushinda pana. "Maisha na maendeleo" haina msikilizaji. "Bei na magonjwa ya kahawa ya Mlima Elgon" inaye, na unajua anakaa wapi. Vivyo hivyo biashara ya mpakani Busia na Malaba, uendeshaji wa SACCO ndogo, ukarabati wa boda, au Kiswahili cha kuanzia kwa Mganda anayetaka kazi katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Jipime hivi: kaa chini uandike majina ya vipindi kumi kwa mara moja. Ukikwama kwenye cha nne, mada hiyo huijui vya kutosha au haina kina.

Lugha inataka uamuzi wa mapema. Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi Julai 2022, lakini wasikilizaji hawafanani. Mkongomani aliyeko kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale au Kyangwali, mfanyabiashara wa Arua, askari aliyestaafu na mwanafunzi wa Kampala kila mmoja ana Kiswahili chake. Kiswahili chepesi chenye sentensi fupi humfikia kila mmoja wao; Kiswahili cha misamiati mizito huwapoteza wote isipokuwa mwalimu. Mgeni akichanganya Kiluganda, usimkatize na usikate sauti yake. Mwache amalize, kisha wewe useme kwa Kiswahili, kwa sentensi moja, alichokisema. Tarakimu na bei zitamke kwa Kiswahili, polepole, mara mbili. Mtu aliye kwenye teksi hana kalamu.

Urefu: anza na dakika 12 hadi 20. Ukisoma maandishi ya Kiswahili kwa utulivu utatamka maneno kama 110 hadi 130 kwa dakika, basi kurasa za maneno 1,500 zinakupa dakika 12 au zaidi kidogo. Usiandike kila neno ukiwa na mgeni, lakini sentensi yako ya kwanza na ya mwisho ziandike kabisa. Hizo mbili ndizo watu hubabaika nazo. Sentensi ya kwanza itaje jambo lenyewe, si jina lako: "Leo tunaeleza kwa nini mahindi yako yanakataliwa mpakani na unavyoweza kuyaokoa." Salamu na majina vifuate, visizidi sekunde 20.

Chumba kabla ya maiki

Pesa ya kwanza itumie kwenye chumba, na mara nyingi haihitajiki hata shilingi. Sauti mbaya ya wanaoanza haitokani na simu duni, hutokana na mwangwi: sauti yako inagonga ukuta wa saruji, sakafu ya vigae na dirisha, kisha inarudi kwenye maiki ikiwa imechelewa kidogo. Sikio lako limezoea na halitambui. Maiki inarekodi yote, na programu za kawaida haziutoi mwangwi vizuri.

Piga kofi moja katikati ya chumba. Ukisikia mlio mfupi wa "tang" baada ya kofi, chumba hakifai kikiwa kitupu. Dawa ni vitu vizito na laini. Simamisha godoro nyuma yako, kwa sababu maiki inakutazama wewe na ukuta ulio nyuma yako. Ning'iniza blanketi nzito mbili pembeni kwenye kamba. Za mitumba kutoka soko la Owino zinafaa kuliko mpya nyepesi. Tandika mkeka au zulia mezani unapoweka simu. Kabati lililojaa nguo, ukilifungua na kuzungumza ukilielekea, ni studio nzuri kuliko ofisi nyingi. Gari lililoegeshwa mahali patulivu, madirisha yakiwa yamefungwa na injini imezimwa, nalo ni chumba kizuri sana cha kurekodia, ila joto litakuharakisha. Trei za mayai ukutani hazisaidii chochote cha maana. Ni nyepesi mno kuzuia sauti.

Kisha kelele. Zima feni, zima friji (weka funguo za nyumba juu yake ili usisahau kuiwasha), ondoa saa ya ukutani. Paa la mabati bila dari ni tatizo wakati wa mvua: vichujio vya kawaida havitenganishi mvua na sauti ya mtu. Sehemu kubwa ya kusini mwa nchi ina mvua Machi hadi Mei na tena Septemba hadi Novemba, na mara nyingi hunyesha alasiri, basi rekodi asubuhi. Usidhani usiku ni kimya. Kuna baa, kuna mikesha ya maombi, kuna mbwa, na kabla ya alfajiri kuna jogoo. Rekodi dakika moja ya ukimya saa tofauti za siku, zisikilize kwa eafoni, uchague saa iliyo tulivu. Katika mitaa mingi ya Kampala huwa ni kati ya saa nne na saa sita mchana, watoto wakiwa shuleni na watu kazini.

Simu, maiki na plagi yake

Simu uliyo nayo inatosha kwa vipindi vya kwanza. Tundu la maiki liko chini, karibu na mahali pa chaji. Hakikisha kava au kidole hakilizibi. Iweke kwenye kitu laini, chini yake ikikuelekea, umbali wa chini ya shibiri moja kutoka mdomoni, yaani sentimita 15 hivi. Isiwe mbele kabisa ya mdomo bali pembeni kidogo, ili pumzi ya herufi P, B na F ipite kando. Ukisikia mlio wa "pufu" kwenye rekodi, isogeze pembeni zaidi, usiisogeze mbali. Umbali huleta mwangwi.

Usishike simu mkononi. Msuguano wa vidole hurekodiwa kama radi.

Hatua inayofuata kwa bei ni maiki ndogo ya kubana kwenye nguo. Ibane kifuani, kiasi cha shibiri moja chini ya kidevu, mbali na mkufu, leso na kola ya nailoni. Hapa wengi hudanganyika na plagi. Plagi ya duara ya milimita 3.5 yenye pete nyeusi tatu ni ya simu. Yenye pete mbili ni ya kamera au kompyuta. Ukiichomeka kwenye simu, simu haiitambui, na inaendelea kurekodi kwa maiki yake yenyewe bila kukwambia. Rekodi inatoka, unadhani maiki ni mbovu. Jaribio ni jepesi: anza kurekodi, kwaruza maiki kwa ukucha, kisha kwaruza sehemu ya chini ya simu. Kinachosikika kwa nguvu zaidi ndicho kinachorekodi. Fanya jaribio hilo dukani kabla ya kutoa pesa, na simu yako mwenyewe, kisha sikiliza sekunde 30 kwa eafoni. Simu isiyo na tundu la eafoni huhitaji adapta ya USB-C, nayo si kila adapta hupitisha maiki. Nyingine hupitisha muziki tu.

Ukifika mahali pa kununua maiki ya mezani, chagua ya dainamiki, si ya kondensa. Kondensa hunasa kila kitu: boda barabarani, jirani anayetwanga, redio ya nyumba ya pili. Dainamiki hunasa kilicho karibu na mdomo na kuacha vingi vya mbali. Samson Q2U na Audio-Technica ATR2100x ni mifano inayojulikana; zote zina USB na pia tundu la XLR, hivyo zitakufaa hata ukija kununua mikisa. Dainamiki inataka uikaribie, sentimita 5 hadi 10. Mtu akikaa mbali nayo ataisema ni mbovu.

Kurekodi

Kwenye Android, Easy Voice Recorder ya bure inarekodi WAV, yaani faili la sauti lisilobanwa. Chagua WAV, mono, 44.1 kHz. Faili la namna hiyo hula MB 5.3 kwa dakika, basi nusu saa ni takriban MB 160. Hakikisha una nafasi mara mbili ya hiyo. Sababu ya kutotumia M4A, faili lililobanwa, ni kwamba Audacity, programu ya kuhariri sauti kwenye kompyuta, mara nyingi haifungui M4A bila kuongezewa programu ya ziada iitwayo FFmpeg, na watu hupoteza siku nzima hapo.

Weka simu kwenye hali ya ndege. Si kwa sababu ya simu zinazoingia tu: mtandao unapotafuta mnara, hasa wa 2G, huacha mlio wa "drrr-dr-drrr" kwenye maiki yenye waya, na mlio huo ni mgumu kufutika. Wageni nao wafanye hivyo, kwa simu zote zilizo mezani.

Kama programu inaonyesha kipimo cha sauti, sauti yako ya kawaida ifike kati ya -18 na -12 dB, na ya juu kabisa isipite -6. Ikigonga 0, kilele cha wimbi hukatwa bapa, na sauti iliyokatwa haitengenezeki. Ya chini kidogo inaweza kuinuliwa. Kwa hiyo jaribu kwa kucheka, si kwa kuhesabu moja-mbili-tatu. Mtu anapocheka hufika juu kuliko anapojaribu maiki.

Kabla ya neno la kwanza, rekodi sekunde 10 za ukimya. Utazihitaji kwenye kusafisha na kwenye kuziba mapengo. Ukikosea, usisimamishe. Nyamaza, piga kofi moja, rudia sentensi nzima kuanzia mwanzo. Kofi litaonekana kama mstari mrefu kwenye wimbi, na utalipata bila kusikiliza yote. Ukimaliza, nakili faili kwenye flashi au kadi kabla ya kulihariri.

Kwa mgeni mliye naye chumba kimoja, simu mbili ni bora kuliko moja katikati ya meza. Kila mmoja awe na yake, karibu yake, na mpige kofi moja pamoja mwanzoni na moja mwishoni. Kofi la mwanzo hutumika kulinganisha mafaili. La mwisho hukuonyesha kama moja limeanza kuachana na jingine, jambo la kawaida baada ya nusu saa, kwa kuwa saa za ndani za simu hazilingani kabisa.

Salamu zichukue muda wake kabla ya kubonyeza kitufe. Mzee aliyefikiwa nyumbani na kuulizwa maswali bila kuulizwa habari za familia na shamba atajibu kwa sentensi fupi fupi mpaka mwisho, na ni haki yake. Zungumza naye, mweleze faili litakwenda wapi na nani atasikiliza, ndipo urekodi. Ridhaa yake irekodi pia: ataje jina na kwamba amekubali. Maswali yaanze na "ilikuwaje", "unafanyaje", "kwa nini". Swali linaloanza na "je" hupata "ndiyo".

Mgeni aliye mbali

Usirekodi sauti inayotoka kwenye simu ya WhatsApp. Imebanwa, inakatika, na kwa spika ya simu ya msikilizaji haitaeleweka. Njia iliyo bora haigharimu chochote: mnazungumza kwa simu huku kila mmoja amevaa eafoni, na kila mmoja anajirekodi upande wake. Mwenye simu moja ajirekodi kwa simu ya ndugu, kwa maana Android nyingi hazikubali programu nyingine itumie maiki wakati wa mazungumzo. Hurekodi ukimya mtupu bila onyo. Hesabuni "moja, mbili, tatu", mpige kofi. Baadaye mgeni akutumie faili kwa WhatsApp kama dokumenti. Mwambie wazi asirekodi ujumbe wa sauti wa WhatsApp badala yake, kwa sababu huo hubanwa palepale.

Mgeni asiye na data ya kutuma MB 100 arekodi kwa M4A. Itashuka hadi sehemu ndogo ya hapo, nawe utaibadilisha kuwa WAV.

Kuhariri

Kwenye kompyuta tumia Audacity, ya bure. Kwenye simu, Lexis Audio Editor inatosha kukata na kuunganisha. Toleo la bure huhifadhi WAV tu. Kazi kubwa ni kukata, na kukata kunataka masikio kuliko programu. Sikiliza mara moja bila kugusa, andika dakika za kuondoa, kisha ondoa. Ondoa salamu ndefu, marudio, na swali lako pale ambapo jibu linajitosheleza. Acha pumzi na ukimya mfupi. Mazungumzo yasiyo na pumzi huchosha na mtu hajui kwa nini.

Baada ya kukata, fuata mpangilio huu. Ukiubadilisha, hatua moja huharibu nyingine.

1. Chagua ule ukimya wa mwanzo, fungua "Noise Reduction", bonyeza "Get Noise Profile". Kisha chagua sauti yote, rudi hapo, weka dB 6 hadi 9. Ukipita 12, sauti inakuwa kama ya mtu aliye ndani ya pipa la maji. Hatua hii huondoa mvumo usiobadilika kama wa feni. Haiondoi boda iliyopita wala jogoo.
2. "High-Pass Filter" kwenye 80 Hz, kuondoa mitetemo ya meza na magari makubwa.
3. "Compressor": kizingiti -18 dB, uwiano 3:1. Hupunguza tofauti kati ya neno la kunong'ona na la kupaza, na kwa msikilizaji wa kwenye teksi hii ndiyo hatua yenye faida kuliko zote.
4. "Loudness Normalization" hadi -16 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti). Kama faili ni mono, acha alama kwenye "Treat mono as dual-mono". Ukiiondoa, lenga -19.
5. "Limiter" kwenye -1.5 dB, ili MP3 isipasuke.

Kisha weka simu mezani, cheza kipindi kwa spika yake, uende jikoni bomba likiwa wazi. Kama maneno hayaeleweki, rudi hatua ya tatu uongeze uwiano hadi 4:1. Hedifoni nzuri zitakusifia kazi mbovu.

Hifadhi kama MP3, mono, 64 kbps, "Constant". Dakika 15 zitakuwa MB 7.2. Ukichagua kiwango kinachobadilika, vichezaji vya bei ndogo huonyesha muda usio sahihi na hukataa kuruka mbele. Kama kuna muziki mwingi, nenda 96 stereo.

Muziki wa kufungulia uwe wa sekunde 8 au 10. Usichukue wimbo wa msanii kwa sababu tu unaupenda: Sheria ya Hakimiliki ya Uganda ya 2006 inamlinda, na kwenye YouTube kipindi kinaweza kuzuiwa. Mpigaji wa adungu au endingidi anaweza kukurekodia sekunde 20 kwa malipo mtakayokubaliana. Muandikiane karatasi moja inayosema unaruhusiwa kuutumia kwenye podikasti zote, mtandaoni, bila kikomo. Itakuwa sauti yako peke yako, na ni bora kuliko gitaa lile lile la bure linalofungulia podikasti mia.

Kuchapisha

Unahitaji mahali pa kuhifadhi mafaili panapotengeneza mlisho wa RSS. Spotify for Creators ni ya bure. Nyingine zina mpango wa bure wenye kikomo; soma kwanza, kwa maana baadhi hufuta vipindi baada ya siku 90. Za kulipia hutaka kadi ya Visa au Mastercard.

Fungua barua pepe mpya kwa ajili ya podikasti tu. Anwani hiyo huandikwa ndani ya mlisho na inaweza kuonekana na yeyote, na majukwaa huituma msimbo wa kuthibitisha kwamba podikasti ni yako. Ukiificha kwenye mipangilio, msimbo hautafika. Picha ya jalada iwe mraba, piseli 3,000 kwa 3,000, JPEG au PNG; jina liandikwe kubwa, maneno manne au matano, kwa sababu kwenye simu picha hiyo huonekana ndogo kama ukucha. Lugha weka Swahili. Wengi huiacha kwenye Kiingereza, halafu hushangaa kutoonekana na wanaotafuta vya Kiswahili.

Pandisha kipindi cha kwanza, hakikisha mlisho wa RSS umewashwa, nakili anwani yake, kisha ipeleke Apple Podcasts Connect, Spotify kama hukuanzia huko, Podcast Index na YouTube. Majibu huweza kuchukua saa chache au siku kadhaa, basi usitangaze tarehe ya uzinduzi kabla ya kukubaliwa. Jina la kipindi lianze na jambo lenyewe. "Kipindi cha 7: Karibuni tena" hukatwa na skrini kabla ya kusema chochote. Ukigundua kosa baada ya kuchapisha, badilisha faili ndani ya kipindi kile kile. Ukikifuta na kukipandisha upya, waliojiunga watakipata mara mbili.

Kuhusu sheria: Tume ya Mawasiliano, UCC, ilitangaza mwaka 2018 kwamba wachapishaji wa mtandaoni wajisajili; kwa hiyo ukilenga habari na siasa, uliza ofisi zao Bugolobi kabla ya kuanza. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakutaka uwe na ridhaa ya mtu kabla ya kuchapisha taarifa zake, na kwa mtoto ridhaa ya mzazi au mlezi. Tuhuma dhidi ya mtu anayetajwa jina usiichapishe bila kuithibitisha, na umpe nafasi ya kujibu ndani ya kipindi hicho hicho.

Kuwafikia wasio na programu

Wengi wa wasikilizaji wako hawatafungua AntennaPod, na Facebook imefungwa Uganda tangu Januari 2021, kwa hiyo usiitegemee. Njia kuu ni WhatsApp. Tuma MP3 yenyewe pamoja na linki, mistari miwili ya maelezo na ukubwa wa faili: "Dakika 14, MB 6.7". Mtu akiona MB ataamua haraka. Ukituma kama sauti, WhatsApp hulipa faili jina la AUD na tarehe, na baada ya wiki hakuna anayelijua. Ukituma kama dokumenti jina lako hubaki. Jaza pia jina la podikasti na la kipindi kwenye taarifa za ndani za MP3 wakati Audacity inapohifadhi, ili vionekane kwenye kichezaji.

Wenye katorchi (simu ndogo za tochi) na redio za flashi wanafikiwa kwa vibanda vinavyouza nyimbo na filamu. Mpelekee mwenye kibanda vipindi vitano kwenye folda moja, mafaili yakianza na 01, 02, 03 ili yafuatane. Yawe MP3, redio nyingi za namna hiyo hazisomi kingine.

Takwimu za jukwaa hazihesabu faili lililotumwa kwa WhatsApp wala lililonakiliwa kwenye flashi. Ili kujua, mwisho wa kila kipindi taja neno moja na uombe watu walitume kwa namba ya podikasti, mfano "kahawa" kwa kipindi hiki, "gunia" kwa kinachofuata. Neno likiwekwa mwishoni linakwambia pia nani alisikiliza mpaka mwisho. Mdhamini wa hapa, kama vile duka la pembejeo au SACCO, ataelewa orodha hiyo ya majibu haraka kuliko grafu yoyote.